Gasketi ipi kwa 1JZ iliyoongezwa presha ya tabo?

Swali: Assalamu alaikum fundi. Nina Mark II JZX100 ya mwaka 1997, injini 1JZ-GTE yenye VVT-i. Nimetia tabo kubwa na intakula ya mbele (rejeta ya kupoza hewa ya tabo), na nataka kuendesha presha ya bar 1.3. Gasketi ya silinda hedi imeungua mara mbili, na hiyo ya pili haikufika hata miezi miwili. Fundi mmoja hapa Pemba ananambia nitie gasketi ya shaba. Mwengine ananambia nitafute ya chuma, nene, ya milimita 2, ili kompresheni (kiasi hewa inavyokandamizwa ndani ya silinda) ishuke. Wa tatu anasema nitie ya kawaida tu nipake silikoni. Nichague ipi? (Msomaji, Chake Chake)

Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Nikujibu kwanza ulichouliza, halafu nieleze sababu, maana bila ya sababu utarudi na swali hilihili kwa gasketi ya tatu. Tia gasketi ya tabaka za chuma, tundu lake la silinda liwe milimita 87, na unene wake uwe karibu na ule wa kiwandani. Shaba usitie. Ya milimita 2 usitie. Silikoni weka mbali. Na kabla hujatoa hata shilingi ya gasketi, hedi na bloki zipimwe, kwa sababu kwa haya uliyoyaeleza mimi sidhani kama ugonjwa wako ni gasketi.

Gasketi ina kazi tatu kwa wakati mmoja: kuzuia moto usitoke ndani ya silinda, kuzuia maji yasipotee njia, na kuzuia oili isichanganyike na maji. Mbili za mwisho ni nyepesi, presha zake ni ndogo. Nzito ni ya moto. Silinda zako sita zina kipenyo cha milimita 86, kwa hivyo uso wa kila pistoni ni sentimita za mraba 58. Injini ya tabo inayosukumwa vizuri inaweza kufika bar 100 ndani ya silinda pale petroli inapowaka. Fanya hesabu: kila silinda inapowaka, hedi inasukumwa kwenda juu kwa nguvu ya karibu tani 6. Gasketi haishiki tani 6. Zinazoshika ni zile bolti 14 zilizoibana hedi juu ya bloki. Gasketi inaziba tu kile kinafasi kidogo kilichobaki baina ya nyuso mbili. Mbano ukiwa haba, hedi hunyanyuka kidogo kila tabo inapojaa, gesi ya moto hupita, na gasketi huanza kuliwa pale pale ilipopita.

Na hizo tani 6 ni za mwako wa kawaida. Injini ikinoki, yaani petroli ikilipuka yenyewe pembeni kabla ya moto wa plagi kuifikia, presha hupanda ghafla kupita kiasi hicho na joto hushambulia ukingo wa silinda, mahali khasa ambapo gasketi imekaa. Gasketi nyingi ninazoletewa na watu waliopandisha presha zimeuliwa na noki, si na presha yenyewe. Ukitia gasketi ngumu zaidi kwenye injini inayonoki, gasketi itapona na pistoni ndiyo itakayopasuka. Gasketi ni rahisi kuliko pistoni, kwa hivyo usione umepata hasara kubwa kwa hizo mbili zilizoungua.

Sasa, hiyo iliyoungua mara ya mwisho, umeitupa? Kama bado ipo, itoe uisafishe kwa kitambaa bila ya kuikwangua, uiangalie kwenye mwanga wa jua. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho. Ikiwa imeungua kwenye ule mstari mwembamba baina ya silinda mbili, na ukingo wake umeliwa na kubadilika rangi, fikiria noki au joto kubwa. Ikiwa ringi ya moto, ile inayozunguka silinda, imesukumwa nje upande mmoja lakini haikuungua, hedi ilikuwa inanyanyuka, na hapo tatizo ni bolti. Ikiwa imeoza na kumomonyoka kuzunguka matundu ya maji, hayo ni maji mabaya, na maji mabaya kwetu visiwani ni jambo la kawaida mno, nitalirudia. Ikiwa alama ya mbano ni nzito upande mmoja na upande mwengine haionekani, hedi yako imepinda au bloki haiko sawa. Angalia pia ni silinda ipi. Kwenye injini ndefu ya silinda sita mstari mmoja, maji huingia kwa mbele, na zile za nyuma mara nyingi ndizo zinazopata joto zaidi. Ikiwa zote mbili zimeungua mahali pamoja, basi hiyo si bahati mbaya. Pana kitu pale, na gasketi mpya itakufa pale pale.

Kumbuka pia namna ilivyokuwa inaharibika. Gari ikiendeshwa polepole haina neno, lakini ukiikanyaga kutoka Chake kwenda Wete kwenye vile vilima inatema maji kwenye chupa ya akiba, na ikipoa unakuta rejeta imepungua: hiyo ni hedi kunyanyuka tabo inapojaa. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu asubuhi, dakika moja tu baada ya kuwasha, maji bado ya baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji wakati wote. Kuna dawa ya buluu ya kupimia, inawekwa kwenye mdomo wa rejeta. Gesi ya mwako ikiwemo, inageuka njano. Waulize mafundi wenzangu huko kama wanayo. Kipimo hicho ni rahisi na kinakuokolea kufungua hedi bure.

Tuje kwenye aina. Ya kwanza ni ile ya kizamani yenye bati katikati na grafiti au nyuzi pande zote mbili, na ringi ya chuma kuzunguka kila silinda. Sifa yake ni uvumilivu. Uso wa hedi ukiwa na mikwaruzo, inaijaza. Ukiwa na fundi asiyekuwa na mashine nzuri, inakusitiri. Kwa injini ya kawaida sina ugomvi nayo. Lakini ni laini, na laini hiyo ndiyo inayokuponza ukiipandisha presha: inasinyaa taratibu, mbano unapungua, na moto ukipata upenyo mdogo unaimaliza kwa siku moja.

Ya pili ndiyo ninayokuchagulia. Ni tabaka za chuma cha pua, mara nyingi tatu au zaidi, zilizopigwa mikunjo midogo kuzunguka kila silinda na kila tundu la maji. Mikunjo hiyo ni springi. Hedi ikibanwa inalala, hedi ikitikisika inanyanyuka nayo. Juu yake pana rangi nyembamba ya mpira inayojaza mikwaruzo midogo sana. Tabaka hizo pia zinaruhusu jambo moja ambalo watu hawalifikirii: hedi yako ni alumini na bloki ni chuma cha kusubu, na alumini inapopata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa kila nusu mita ya urefu, kutoka nyuzi 30 za asubuhi hadi nyuzi 100 za kazi, alumini inarefuka kama milimita 0.8, chuma kama 0.4. Hiyo tofauti inateleza juu ya gasketi kila unapowasha na kila unapozima. Gasketi laini inachanwa pole pole. Ya tabaka inastahamili, ila kwa sharti moja: nyuso ziwe laini khasa.

Shaba ni ya tatu. Huyo aliyekushauri hakukosea kwamba shaba inabeba presha kubwa. Magari ya mashindano ya mbio fupi yanaitumia. Lakini shaba ni bati moja lisilokuwa na springi. Ili ishike inahitaji kuchongwa mfereji mwembamba kwenye bloki au hedi na kutiwa waya wa chuma kuzunguka kila silinda, inahitaji dawa ya kuzibia maji, na inahitaji kukazwa upya baada ya kupata joto. Hata ikifanyiwa yote hayo, maji yana tabia ya kuvuja. Gari la mashindano linafunguliwa hedi mara kwa mara na hakuna anayelalamika. Wewe unakwenda nayo kazini, na harusini Mkoani. Si gasketi yako.

Silikoni sitaizungumza sana. Gasketi ya tabaka ina rangi yake, na ukiipaka silikoni unaiharibia mbano na vipande vinakwenda kuziba njia za oili. Mahali pekee pa kutia ni pale kitabu cha injini kinapokuambia utie, na ni tone tu.

Unene ndio uliowachanganya wengi, kwa hivyo nataka tufanye hesabu pamoja, maana huyu wa milimita 2 ana hoja inayosikika vizuri: ukiongeza presha ya tabo, punguza kompresheni ili isinoki. Injini yako ya VVT-i ina kompresheni ya 9.0. Ujazo wake wote ni cc 2491, kwa hivyo kila silinda ni cc 415. Kwa kompresheni ya 9.0, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika juu kabisa ni cc 52. Gasketi yenye tundu la milimita 87 inaongeza kama cc 0.6 kwa kila sehemu ya kumi ya milimita. Tuseme unatoka kwenye gasketi ya 1.2 unakwenda ya 2.0. Umeongeza cc 4.8, nafasi imekuwa karibu 57, na kompresheni imeshuka hadi 8.3.

Umepata nini? Presha inayofika mwisho wa kukandamiza imepungua kwa kama asilimia 10. Lakini ulivyopandisha tabo kutoka takriban bar 0.8 hadi 1.3, hewa inayoingia imepanda kwa asilimia 28, kwa sababu lazima uhesabu na bar moja ya hewa ya kawaida iliyopo tayari, na sisi tuko usawa wa bahari, tunaipata bar hiyo yote bila ya kupunguzwa na kimo. Kwa hivyo gasketi nene haikufuti ulichokiongeza. Hata nusu yake haikufuti.

Umepoteza nini? Ukiangalia chemba ya mwako utaona sehemu pana bapa pembeni, ambapo pistoni inakaribia hedi sana. Hapo ndipo mchanganyiko wa hewa na petroli unapokamuliwa kuelekea kwenye plagi, na mkamuo huo ndio unaoufanya moto uenee haraka kabla pembeni hapajajilipukia. Wajenzi wengi wa injini wanapenda nafasi hiyo iwe kama milimita 1, kidogo chini au kidogo juu. Ukiinyanyua hedi kwa 0.8, mkamuo unakufa, moto unakwenda taratibu, na kile ulichokikimbia, yaani noki, unaweza kukipata kwa mlango mwengine. Injini inakuwa nzito chini kabla ya tabo kujaa, na petroli inaliwa zaidi. Juu ya hayo, hedi ikipanda, safari ya mkanda wa taimingi inabadilika na kamshafti zinachelewa kidogo. Mtu anayetaka kompresheni ya chini kwa dhati anabadilisha pistoni. Gasketi nene ina matumizi yake ya haki, nayo ni kurudisha kilichosagwa: hedi ikisagwa 0.2, unatafuta gasketi iliyozidi 0.2, umerudi ulipokuwa. Kwa hivyo usinunue gasketi kabla ya kusaga. Saga kwanza, pima kimeondoka kiasi gani, ndipo uagize.

Kwa tundu, milimita 87 kwa silinda ya 86 inakupa nusu milimita kila upande. Inatosha ringi isitokeze ndani ya moto, na si pana hata ikaacha pengo la kukusanya masizi na joto. Lakini kama bloki yako iliwahi kuchongwa na kutiwa pistoni za saizi kubwa, pima silinda zenyewe, usikisie. Watengenezaji kama HKS na Tomei wa Japani au Cometic wa Marekani wanazo za injini hii kwa unene mbalimbali. Ukiipokea, iweke juu ya bloki kavu kabla ya kuifunga, uangalie kila tundu la maji na la oili limekaa juu ya mwenzake. Ukiona matundu ya maji ya gasketi ni madogo kuliko ya bloki, usiyatanue. Yamefanywa hivyo makusudi, ndiyo yanayogawa maji yafike mpaka silinda ya sita. Nimeona mtu kayatoboa kwa nia njema, na silinda za nyuma zikakosa maji.

Nikuombe uangalifu mmoja kuhusu bandia. Hizi gasketi zinakuja kwetu kutoka Dubai na Dar es Salaam kwa mikono mingi, na sanduku zuri si ushahidi. Itoe. Hesabu tabaka ukingoni, pitisha kidole kwenye mikunjo uhisi kama imepigwa sawasawa kila silinda, angalia rangi kama imekaa au inabanduka kwa ukucha. Ikibanduka dukani, ndani ya injini haitakaa.

Sasa nyuso, na hapa ndipo ninapoamini umepotezea zile gasketi mbili. Hedi ilipofunguliwa, ilisagwa? Kwa mashine ipi? Na bloki je? Kwa kawaida watu wanasaga hedi, bloki wanaipitishia kijiwe na kitambaa, wanafunga. Gasketi ya tabaka inataka ulaini wa maikromita 1.3 au bora zaidi, pande zote mbili, na unyoofu usiozidi kiasi cha milimita 0.05. Ile ya kizamani iliridhika na uso usio laini sana, wenye michirizo. Hedi iliyosagwa kwa ajili ya gasketi ya kizamani ukiifungia gasketi ya tabaka, itavuja, na lawama atabebeshwa aliyeiuza. Kwa mkono, pitisha ukucha polepole kukata michirizo: ukikwama, haifai. Unyoofu unapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka khasa na fila geji, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe mbili, na kila baina ya silinda na silinda.

Hiyo disi ya msasa ya kusafishia inayozungushwa na drili, iambie ibaki kwenye boksi. Inachimba mabonde usiyoyaona, na unga wake unaingia kwenye oili na kula beringi. Kisu cha plastiki, dawa ya kulainisha, na subira.

Kama utaipeleka hedi karakana ya Unguja au Dar, uifunge vizuri kwa safari ya boti. Ikae juu ya mbao, uso wake usiguse chochote, ifunikwe nailoni isipate maji ya chumvi. Na bloki inayobaki nyumbani kwako ni chuma. Kwa hewa yetu ya bahari inaota kutu kwa usiku mmoja. Ipake oili nyembamba, ifunike, uje kuisafisha mpaka ikauke siku ya kufunga. Hedi ikiwa karakana, waombe waijaribu kwa presha kutafuta nyufa, khasa baina ya viti vya valvu, na waangalie njia ya kamshafti kama imenyooka. Hedi iliyochemsha sana hupinda mwili mzima. Ukiisaga chini ikawa sawa, juu kamshafti bado zinakaa kwenye mstari uliopinda. Pia alumini iliyochemka mno inakuwa laini, na hedi laini haibaniki tena hata ikisagwa kama kioo. Hiyo ni ya kubadilisha, na ni afadhali ujue kabla hujainunulia gasketi ya gharama.

Bolti. Za Toyota zinakazwa kwa toki ndogo, Newton-mita 34, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyengine. Thibitisha na kitabu cha injini yako. Bolti ya namna hiyo inanyooka kidogo kila inapokazwa, na yako imeshakazwa angalau mara mbili tangu matatizo yaanze. Kwa bar 1.3 mimi ningetia stadi (bolti zisizo na kichwa, zinazokazwa kwa nati) za ARP au zinazolingana nazo. Hizo ndizo zinazoongeza mbano, na mbano ndio unaozuia kunyanyuka. Ukiniambia pesa inatosha kimoja tu, gasketi ya bei kubwa au stadi, nitakuambia stadi, na gasketi mpya halisi ya Toyota juu ya nyuso zilizosagwa.

Kwenye kukaza, jua kwamba karibu asilimia 90 ya nguvu ya mkono wako inaliwa na msuguano wa meno na wa chini ya nati. Ndiyo maana stadi huja na grisi yake na karatasi yake. Ukitumia oili ya injini badala ya grisi hiyo, spana ya toki itagonga kwenye namba ileile lakini mbano utakuwa pungufu. Matundu ya bolti yasafishwe mpaka chini, yakaushwe kwa upepo. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti inapoingia haina pa kuikimbizia na bloki inaweza kupasuka. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, na usikae kunywa chai baina ya awamu.

Maji nilisema nitayarudia. Ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Maji hayo yakichemka ndani ya injini yanaacha chokaa kwenye njia nyembamba za hedi, na chumvi inakula alumini kuzunguka matundu ya gasketi. Tia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Wanaouza maji ya betri waulize vizuri, maana kuna ya asidi na kuna yasiyo na asidi, na kosa hapo ni kubwa. Maji peke yake chini ya mfuniko mzuri wa rejeta wa bar 1 huchemka kwenye nyuzi 120. Kwa kulanti unapata zaidi ya hapo, na mfuniko wenyewe ukiwa mbovu unapoteza vyote viwili. Badilisha mfuniko na thamostati pamoja na gasketi. Si gharama ya kufikiria.

Mwisho ni noki, na hilo si la spana. Injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya okteni ya juu inayouzwa Japani. Ya kwetu hapa si lazima iwe ile. Anayekupangia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, lazima apange kwa petroli unayoijaza Chake, si kwa namba alizozikuta kwenye gari la mtu mwengine. Na apange wakati wa kaskazi. Gari lililopangwa Julai, upepo wa kusi unavuma na hewa haina joto sana, linaweza kuwa salama mpaka Februari, kisha likaanza kunoki kwa taimingi zilezile. Hakikisha petroli pampu na injekta zinatosha kwa bar 1.3, tabo kubwa juu ya injekta za kiwandani ni njia fupi ya kuichoma gasketi, na nashuku hapo pia. Tia geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli uione kwa macho yako. Mpaka hayo yawe tayari, shusha presha hadi ile ya kiwandani na uendeshe hivyo. Na ukitaka kuijaribu kwa nguvu, isiwe kwenye barabara ya vijijini watoto wanapotoka skuli. Kaipange kwenye mashine ya kupimia nguvu, hata ikibidi gari livuke.

Ukishafunga, wacha injini ipate joto bila ya kukanyaga, toa hewa yote kwenye maji, zima, iache ipoe mpaka asubuhi, kisha angalia kiwango. Gasketi ya tabaka kwa kawaida haihitaji kukazwa upya, ila kama karatasi ya stadi zako inasema vyengine uifuate. Endesha kilomita 500 za mwanzo bila ya presha ya juu, badilisha oili, uikate filta uangalie kama ina chembe. Halafu panda hatua kwa hatua: bar 0.8, bar 1, bar 1.2, kila hatua ukikagua maji asubuhi yake kabla ya kuwasha. Ikianza kutema maji kwenye bar fulani, rudi nyuma hatua moja, usiifungue bado, nitumie picha ya zile gasketi mbili za zamani na namba za geji yako ya mchanganyiko ulipokanyaga.